Ndiyo ya Mwaka 1991

Lipo swali ambalo watafiti wa historia hulipita kwa haraka, nalo ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la elimu. Mtu aliulizwa jambo zamani, akajibu, kisha akaenda zake. Jibu lake likajumlishwa na ya wenzake, likageuka tarakimu. Leo sisi tunaisoma tarakimu ile na kusema: hivi ndivyo walivyoamini watu wa zama zile. Je, tuna haki gani juu ya jibu lake? Nakusudia kulitazama jambo hili kwa mfano wa nchi iliyo mbali na bahari, yaani Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita.

Mwezi wa Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize wananchi wa Bara na Visiwani: nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi? Watu 36,299 walitoa maoni yao. Wapatao 77 kwa mia walitaka chama kimoja. 21 hivi kwa mia walitaka vyama vingi. Huku kwetu Visiwani fungu la waliotaka mageuzi lilikuwa kubwa zaidi, likapita 40 kwa mia. Tume, pamoja na hesabu hiyo, ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Sasa tumfikirie mkulima wa pamba wa Maswa au mkaazi wa Kahama aliyeulizwa mwaka ule. Tangu 1965 alikuwa ameishi chini ya katiba iliyotambua chama kimoja tu. Waliomwuliza walitumwa na Rais, ambaye ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa chama hicho. Akisema ndiyo, amesema nini? Huenda alikipenda chama. Huenda alichelea fitina na vita. Huenda alimstahi mgeni. Huenda aliogopa.

Ni wepesi kusema kwamba waliogopa, basi hesabu yote ni batili. Lakini nani ametupa ruhusa ya kumkanusha mtu asiyeweza tena kujitetea? Kumwambia aliyekwisha kufa kwamba hakumaanisha alilolinena ni kumtia maneno kinywani, na hiyo nayo ni dhulma.

Wala watu wa huko si watu wasiojua kusema hapana. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipowaletea watu wa Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi wasilolitaka, maelfu yao walikwenda Mwanza kulikataa hadharani. Na mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya mfumo kurejea, UDP ya John Cheyo ilipata viti vya ubunge mkoani Shinyanga. Basi mtafiti asiliweke jibu la 1991 peke yake. Aliweke kati ya hapana ya 1958 na kura za 1995, ndipo alipime.

Ajihadhari pia na majina. Mwaka 1991 Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa jina hilo ulizaliwa mwaka 2012, ukachukua Chato kutoka Kagera na Bukombe kutoka Shinyanga. Bariadi, Maswa na Meatu nazo zikaingia Simiyu. Anayelinganisha Shinyanga ya jana na ya leo kwa kutazama jina tu, analinganisha vitu viwili mbalimbali. Na katika mashimo ya dhahabu watu huhama kila pasikikapo habari ya mwamba mpya. Mdadisi anayebisha hodi nyumba kwa nyumba hamkuti kwa urahisi mchimbaji anayelala kambini.

Liko na la nne: tarakimu hujibu lililoulizwa tu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Mwaka 1998 ikatungwa Sheria ya Madini. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa. Atakaye kujua watu hao waliionaje serikali yao, asilichukue jedwali la 1991 akadai kwamba waliridhika. Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Je, tuzitupe hesabu hizi? La, hasha. Tukizitupa, historia itabaki mikononi mwa wenye vipaza sauti. Bila ya kuhesabiwa, wale 21 kwa mia wasingekuwa na ushahidi kwamba walikuwapo. Tena maoni yakikusanywa mara kwa mara, mwendo wake husema hata pale kila jibu moja linapotiliwa shaka. Mwaka 2016 Twaweza ilikuta 96 kwa mia wakiridhika na utendaji wa Rais Magufuli. Mwaka 2018 ikakuta 55. Taasisi hiyo ikaandikiwa barua na Tume ya Sayansi na Teknolojia, ikitakiwa ijieleze juu ya kibali. Ikiwa hofu huwafanya watu wasifu, basi kushuka namna hiyo hakuwezi kuelezwa kwa hofu.

Tafiti za Afrobarometer, zilizoanza nchini mwaka 2001, zina desturi njema: mwishoni mtu huulizwa anadhani nani amewatuma waulizaji, na wengi hutaja serikali. Hapo jibu limehifadhiwa pamoja na kivuli chake.

Sisi wapenzi wa ushairi tunaijua kazi hii. Hatulisomi fumbo kwa dhahiri yake tu, wala hatujipi uhuru wa kulitia batini yoyote tuitakayo. Twauliza nani alitunga, alimwambia nani, na wakati gani. Tarakimu ya maoni inastahiki adabu iyo hiyo, kwani ni amana ya watu waliotuachia neno moja tu: ndiyo, au hapana.