Likizo ya Watoto Wadogo

Mwezi wa sita watoto wa chekechea hupewa likizo, nasi wa Mbulu na Hanang tumo mashambani tukivuna. Je, likizo ni hasara kwa mtoto? Wengine husema kituo kiendelee na a, e, i, o, u. Lakini Bwana Yesu mwenyewe alilelewa nyumbani Nazareti. Bibi asimuliaye hadithi kwa Kiiraqw au Kidatoga anafundisha. Kuhesabu ndama nako ni hesabu. Ila kumwachia mtoto wa miaka mitano mdogo wake mchana kutwa si malezi, ni kumtwika mzigo wetu. Basi tukubaliane: kila siku ya mavuno mzazi mmoja abaki na watoto wa jirani zake, na shamba lake tulivune sote pamoja.