Matamshi ya Neno na Heshima ya Mutu

Wazee wetu walituachia adabu moja: mugeni akikosea neno usimucheke, sikia kwanza anachotaka kusema. Leo, hapa Lubumbashi, tujiulize: je, ni haki kupima mutu kwa namna anavyotamka?

Ni kweli, matamshi yanaweza kugeuza maana. «Ndiyo» tunaitumia kwa kukubali. Lakini tukisema «huyu njo mwalimu», tunaonyesha kwamba ni yeye, wala si mwingine. Maneno haya mawili yalitoka ku shina moja; ulimi wa watu uliyatenganisha, na kila moja likapata kazi yake. Vilevile «kura» tunapiga siku ya uchaguzi, «kula» tunafanya ku meza. Anayesema «nilipiga kula» anatuchekesha, na mwalimu ana haki ya kumurekebisha.

Lakini si kila tofauti inageuza maana. Mwenye kusema «balabala» na mwenye kusema «barabara» wanapita njia moja. Kiluba, Kibemba na Tshiluba ni lugha zisizo na sauti ya r. Mutoto aliyenyonya lugha hizo anakuja na l yake ku masomo. Na mwanafunzi anayeandika «mtu» ndani ya daftari, akifika ku soko anasema «mutu». Hakuna uongo hapo: kila pahali na desturi yake.

Hatari inaanza pale sauti inageuka alama ya ukabila. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walisimamisha Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani, wakawaambia waseme «Shibolethi». Walioshindwa kutamka sh waliuawa. Biblia inahesabu 42.000. Sisi wenyewe tuliona, mwaka wa 1992 na 1993, ndugu wenye asili ya Kasai wakifukuzwa Katanga. Siku kama zile, mutu anaogopa hata kusalimia. Na tazama: Muluba wa Katanga na Muluba wa Kasai, lugha ya mama ya wote wawili haina r!

Basi sisi walimu na wazazi tufanye nini? Tusahihishe neno, tusihaibishe mutu. Mwanafunzi tuliyemucheka mbele ya wenzake hanyoshe tena mukono. R haikuja, na mutoto tumemupoteza. Ulimi unaonyesha fasi mutu alitokea. Roho yake tutaijua kwa matendo.