Takwimu za Maktaba: Nani Afunguliwe Mlango?

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walioitunga walikuwa na mfanyabiashara na bidhaa zake katika fikra zao, lakini sisi wa leo twaweza kuitumia kwa taifa zima. Taifa lisilohesabu watu wake, mavuno yake, wagonjwa wake na shule zake halijui lina nini wala limepungukiwa na nini. Kwa hiyo hapana anayebisha kwamba takwimu zina manufaa. Swali ambalo halijazungumzwa vya kutosha miongoni mwetu ni jingine: daftari likishaandikwa, nani aruhusiwe kulifungua? Wako wanaoliona swali hili kuwa jambo dogo la utawala wa maktaba, la kuachiwa wakutubi na wanasheria. Sisi twaliona kuwa ni swali la maadili, na tena ni swali ambalo walimu wana sababu ya kulitafakari.

Kwanza yatupasa kueleza jambo lenyewe lilivyo. Maktaba ya chuo kikuu siku hizi haina vitabu tu. Hulipia pia makusanyo ya takwimu yasomwayo kwa kompyuta: bei za hisa, hesabu za makampuni, biashara baina ya nchi na nchi, maoni ya wapiga kura, hali ya kaya. Aghalabu maktaba hainunui takwimu hizo kama inunuavyo kitabu. Kitabu kikinunuliwa huwa mali ya maktaba, nayo yaweza kumwazima imtakaye. Takwimu hukodishwa kwa leseni, na mkataba wa leseni ndio usemao nani ni msomaji halali. Kwa kawaida hutaja walimu wa chuo, wanafunzi waliosajiliwa na wafanyakazi. Mikataba mingine humwongeza mgeni aliyeingia kwa miguu yake mwenyewe katika jengo la maktaba na kuketi mbele ya kompyuta ya humo. Mingine humkataa hata huyo. Mwanafunzi aliyetunukiwa shahada jana huweza kuwa mgeni leo. Kadhalika, mikataba mingi hukataza takwimu zisitumiwe kwa biashara wala zisigawiwe watu wengine.

Tuchukue mfano. Mwaka 1962 vyuo vikuu vya Marekani viliunda umoja wa kuhifadhi takwimu za siasa na jamii, wenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor, ujulikanao kwa ufupi kama ICPSR. Fikra yake ilikuwa ya ujima: badala ya kila chuo kukusanya na kutunza peke yake, kila mwanachama atoe mchango wa mwaka, na watu wake wote wachote katika ghala moja. Uingereza nayo ilianzisha hifadhi ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1967. Hapana shaka ujima huo umeleta mema mengi. Mwanafunzi wa chuo kidogo amepata kutumia takwimu zile zile zitumiwazo na profesa wa chuo chenye jina kubwa. Walakini kila ujima una mpaka wake, na aliye nje ya mpaka ana haki ya kuuliza kwa nini yeye hakuhesabiwa kuwa jirani.

Watetezi wa mpaka huo wana hoja, nasi hatuna budi kuisikiliza kwa haki. Usione vyaelea, vimeundwa. Takwimu hazioti kama uyoga baada ya mvua. Lazima watu watumwe kuuliza, majibu yasahihishwe, majina yaondolewe, kila namba iandikiwe maelezo ya maana yake, na yote yatunzwe miaka na miaka huku mashine zikibadilika. Kituo kilichoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1960 kilikusanya bei za hisa za soko la New York kuanzia mwaka 1926, kazi ambayo haikuweza kufanywa kwa mapenzi tu. Kama kila mtu angechota bila kutoa, nani angelichimba kisima? Hoja hii ni ya kweli. Lakini tukiitazama vizuri tutaona kwamba inajibu swali la nani alipe. Haijibu swali la nani aruhusiwe. Haya ni maswali mawili, na kuyafanya moja ndiko kunakotupotosha.

Twasema hivyo kwa kuwa mlango wa takwimu una kufuli mbili, na watu wengi hudhani ni moja. Kufuli ya kwanza ni ya stara. Mtu aliyemweleza karani wa sensa umri wake, watoto wake, maradhi yake na mapato yake alifanya hivyo kwa kuahidiwa kwamba siri yake haitatoka. Kwa ajili hiyo Marekani haitoi hadharani fomu za sensa zenye majina ya watu mpaka miaka 72 ipite. Zile za mwaka 1950 zilifunguliwa Aprili 2022. Kufuli ya pili ni ya biashara. Hii humlinda yule aliyetia fedha zake katika kukusanya au kupanga takwimu, ili apate faida yake. Kufuli ya kwanza humlinda aliyehesabiwa, na ya pili humlinda anayeuza hesabu. Zote mbili zaweza kuwa halali, lakini hazilingani kwa uzito. Kosa kubwa ni kuivika ya pili heshima ya ile ya kwanza, tukasema kwa sauti nzito kwamba takwimu hizi "hazitolewi", kana kwamba kuna mtu atakayeaibishwa, ilhali atakayepungukiwa ni mfuko wa muuzaji tu.

Hapo ndipo tunapopata kipimo. Kabla ya kumfungia mtu mlango, na tuulize: ukifunguliwa, ataumia nani? Ikiwa ataumia yule aliyehesabiwa, basi kadi ya chuo haitoshi hata kidogo. Profesa naye hana budi kuchunguzwa. Ikiwa hapana mtu atakayeumia, basi anayetaka kufunga ndiye mwenye wajibu wa kutoa sababu. Hifadhi ya Uingereza hufuata njia inayokaribiana na hii. Huzigawa takwimu zake katika makundi matatu: zilizo wazi kwa wote, zinazomtaka msomaji ajisajili na kukubali masharti, na zile nyeti ambazo mtafiti huzifikia baada ya kupewa mafunzo na kuidhinishwa. Mgawanyo huo waonyesha kwamba yawezekana kupima hatari iliyomo katika takwimu zenyewe, badala ya kupima cheo cha mwombaji peke yake.

Kadi ya chuo ni kipimo dhaifu kwa upande wa pili pia. Tuseme yuko mwanafunzi mwenye kadi halali, ambaye jioni huifanyia kazi kampuni na kuichotea takwimu za maktaba kwa siri. Tuseme tena yuko mwalimu wa shule ya sekondari ya wilayani, asiye na kadi yoyote, atakaye kujua kama idadi ya wasichana wanaoacha masomo katika eneo lake imepungua. Kwa mujibu wa kadi, wa kwanza ni msomaji halali na wa pili ni mvamizi. Kwa mujibu wa maadili mambo ni kinyume chake. Kadi hutujulisha mtu ni wa wapi, lakini haitujulishi anataka kufanya nini.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika jengo moja. Marekani ina utaratibu wa zamani ambao maktaba zilizoteuliwa, nyingi zikiwa za vyuo vikuu, hupewa machapisho ya serikali bila malipo kwa sharti kwamba mtu yeyote aweze kuyasoma. Kwa hiyo fundi seremala huweza kuingia humo akasoma majedwali ya sensa bila kuulizwa ni mwana wa nani. Lakini akisogea hatua chache kwenye kompyuta yenye takwimu za leseni, huenda akaambiwa arudi nyuma. Mtu ni yule yule na jengo ni lile lile. Kilichobadilika ni karatasi iliyotiwa sahihi na watu wawili ambao yeye hakuwa mmoja wao. Asiyekuwapo na lake halipo.

Methali hii inatugusa sisi wenyewe. Katika nchi zetu, mara nyingi makarani wa sensa wamekuwa walimu. Wao ndio waliokwenda mlango kwa mlango na fomu, na wao ndio walioyafasiri maswali magumu kwa lugha aielewayo mzee wa kijiji. Leo sehemu za sensa za Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, zikiwa zimeondolewa majina, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota chini ya mpango uitwao IPUMS, ambao huzitoa bila malipo kwa watafiti waliojieleza na kuidhinishwa. Mpango huo twausifu, maana haukuweka bei mlangoni. Hata hivyo yatupasa kukumbuka kwamba mlango usio na bei nao una bawabu, na kwamba bawabu akiwa mbali, funguo nazo huwa mbali.

Hilo si jambo la kubuni. Tangu mwaka 1984 uchunguzi wa uzazi na afya ya jamii, ujulikanao kama DHS, umefanywa katika nchi zaidi ya 90, zikiwamo zetu, kwa fedha za Marekani. Takwimu zake zilitolewa bure kwa aliyejisajili na kueleza kazi yake. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, mpango huo ulisimama, na maombi ya takwimu yakawa hayajibiwi. Mama wa Afrika Mashariki ndiye aliyeulizwa juu ya watoto aliowazaa na aliowazika; lakini mtafiti wa nchi yake, kama hakuwa na nakala, ilimbidi angoje uamuzi wa mji mkuu wa ng'ambo. Anayechangia maisha yake katika daftari asiwe wa mwisho kulifikia.

Wako watakaosema kwamba kufungua milango kutawaua wakusanyaji wa takwimu. Historia ya karibuni haiungi mkono hofu hiyo kwa taasisi za umma. Benki ya Dunia ilikuwa ikiuza takwimu zake za maendeleo kwa malipo ya mwaka, na maktaba zilizoshindwa kulipa zilikosa. Aprili 2010 ilizifungua kwa wote. Shirika la Fedha la Kimataifa lilifanya hivyo Januari 2015, na shirika la OECD la Paris likafuata Julai 2024. Taasisi hizo hazikufa. Na jambo la kuzingatia ni kwamba siku moja kabla ya kufunguliwa, mgeni aliyezitaka alionekana kuwa anaomba upendeleo. Siku iliyofuata alikuwa anatumia haki yake. Mgeni hakubadilika, wala namba hazikubadilika. Basi huenda wengi tunaowaita wavamizi leo ni watu waliowahi kufika tu. Ama makampuni ya binafsi, hatusemi yanyang'anywe jasho lao. Twasema kwamba kilichokusanywa kwa kodi ya watu kisigeuzwe kuwa bidhaa ya kuwauzia watu wale wale.

Sasa mkutubi afanye nini, mkataba ukiwa tayari umetiwa sahihi na mgeni amesimama mbele yake? Je, afumbe macho na kumpa namba ya siri ya mtu mwingine? La. Ahadi ni deni, hata ikiwa ni ahadi iliyofanywa kwa pupa. Na mkutubi avunjaye mkataba kwa huruma huweza kukifanya chuo kizima kinyimwe takwimu, wasio na hatia wakaumia. Lakini kutii mkataba si mwisho wa wajibu wake, bali ni mwanzo. Kabla ya kutia sahihi apiganie kifungu cha mgeni wa maktaba, maana wakati wa kubishana ni pale muuzaji anapotaka fedha. Anapomkatalia mtu, amwambie sababu ya kweli, kwamba ni bei na si stara, ili mtu asiondoke akidhani hakustahili. Tena amwonyeshe njia nyingine iliyo wazi, kwa kuwa mara nyingi ipo na mgeni haijui. Mkutubi anayemwambia msomaji "hairuhusiwi" na kurudi kwenye kazi zake amelinda mkataba na kuitupa kazi yake.

Labda mtu atatucheka na kuuliza ni mkulima gani atakayekuja kusoma majedwali. Huenda asije mkulima. Lakini atakuja mwandishi wa gazeti, diwani, mwalimu, au binti wa mkulima huyo, akitaka kujua kama yaliyosemwa juu ya kijiji chao ni kweli. Namba ambazo anayesemwa hawezi kuzisahihisha hugeuka kuwa amri. Hiyo ndiyo hasara iliyo kubwa kuliko ile ya muuzaji, ingawa haiandikwi katika mkataba wowote.

Kwa upande wetu walimu, jambo la kufanya si kungoja vyuo vya mbali vitengeneze mikataba yao. Tutakapopewa tena fomu za kuwahesabu jirani zetu, na tuulize mapema majibu yatahifadhiwa wapi, nani atayaona, na nakala gani itabaki katika maktaba za nchi yetu. Mzee wa kijiji akituuliza maswali hayo mlangoni pake, ni haki yake apate jibu kabla hajaanza kutujibu yetu.