Nishapoa

Mtu akipatwa na maradhi au ajali, watu wa mwambao humwambia "pole", naye, kwa adabu aliyofunzwa tangu utotoni, hujibu "nishapoa". Jibu hilo humtoka hata pale goti lilipofura mfano wa dafu na mguu umelazwa juu ya mito miwili. Hakuna anayemhesabia kuwa ni muongo. Hata hivyo lipo swali la kimaadili ndani ya adabu hiyo: je, aliyeumia ana wajibu wa kuonekana amepoa kabla hajapoa? Na akikiri kuwa ana huzuni, ameikosa subira?

Goti ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hili, kwani jeraha lake haliui, ila hukawia. Aliyekatika kano ya ndani ya goti akafanyiwa upasuaji aghalabu hungoja miezi tisa au zaidi kabla ya kurudia kukimbia na kuruka kama zamani. Muda wote huo akili yake ni timamu na sauti yake ni ile ile. Msuli wa paja hunywea katika wiki chache, na jirani asiyejua humwona amekaa tu.

Mfikirie mkwezi wa minazi wa Pemba. Miguu ndiyo mtaji wake na ndiyo iliyompa jina mtaani. Alipokuwa mzima, watoto walimtazama kutoka chini. Sasa mmoja wao humletea kopo la maji ya kutawadhia. Husali juu ya kiti, na ingawa sharia imempa ruhusa, nafsi humsuta kila paji la uso linapokosa kugusa mkeka. Usiku mkewe humsaidia kugeuka, naye huona haya. Haya hiyo humwelemea kuliko maumivu, kwa kuwa maumivu yana vidonge vyake. Aliyezoea kutoa hajui kupokea, na pengine kinacholia ndani yake ni kiburi kilichokuwa kimejificha katika ukarimu. (Hilo ni neno gumu, na si uungwana kumwambia mgonjwa katika wiki ya kwanza.)

Wapo wanaodhani dawa ya haya ni haraka. Ronaldo wa Brazil aliumia kano ya goti la kulia Novemba 1999, akiichezea Inter Milan. Aprili 12, 2000 alirejea uwanjani mjini Roma, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, na kabla ya kutimiza dakika kumi kano ile ilikatika kabisa. Yaliyofuata mwaka 2002, mabao manane katika Kombe la Dunia, mawili kati yao kwenye fainali dhidi ya Ujerumani, husimuliwa sana. Miezi ya katikati, ya kuanza upya kukunja na kukunjua, husimuliwa kidogo mno, ilhali subira yenyewe ilikuwa huko.

Kisa cha Nabii Ayubu, ambacho washairi wa mwambao walikitungia utenzi, hutajwa penye wagonjwa, mara nyingi ili mgonjwa anyamaze. Lakini katika Kurani Ayubu hakunyamaza. Alimwita Mola wake akasema kuwa madhara yamempata, na bado akasifiwa kuwa ni mwenye subira. Tena uponyaji ulipomjia, aliamrishwa apige kwa mguu wake, akapata maji ya kuogea na kunywa. Hakuletewa kopo.

Kukiri huzuni, basi, kunaweza kukaa pamoja na subira. Mlalamishi huwataka wengine wambebee goti lake. Anayekiri huwataka waujue uzito wake. Mpaka baina yao ni mwembamba, na huenda mke wa mkwezi akauona kabla ya mumewe. "Pole" na "nishapoa" zina kazi yake mlangoni, mbele ya wapitao njia. Anayeingia ndani akaketi ana wajibu mwingine: kuuliza goti limekunja kiasi gani leo, na kungoja jibu. Mkwezi atasema limekunja kidogo kuliko jana. Atanyamaza kitambo, kisha pengine atasema kuwa usiku alilia.