Nyuma ya Taa

Ndugu msomaji, hebu tuulizane: kazi iliyofichika nyuma ya taa ya tela inamhusu nani? Hapa kwetu Kakonko tela kuukuu halitupwi ovyo. Linakwanguliwa, linapigwa rangi, mama mmoja analinunua, anaweka jiko na benchi, basi, ni mgahawa. Kila mpita njia anasifu. Ila mvua kwetu huanza kama Oktoba ikaenda hadi Mei, na mvua haiangalii rangi. Inatafuta tundu la skrubu.

Nimeshika msasa kwa fundi mmoja, kwa hiyo nasema ninachokijua. Taa, bawaba, kitasa, kila kilichofungwa nje kimetobolewa bodi ndipo kikakaa. Fundi anayeheshimu kazi huifungua taa yote, hukwangua silikoni ya zamani mpaka bati lionekane, kwani mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, hufuta vumbi (na vumbi letu jekundu mnalijua!), ndipo hupaka upya nyuma ya taa na kwenye matundu ya skrubu. Kisha huziba juu na ubavuni, lakini chini huacha upenyo mdogo. Maji hayakosi kupenya kidogo. Ukiziba pande zote umeyafungia ndani, plaiwudi inaoza huku nje panang'aa.

Njia ya mkato ipo: usifungue kitu, zungushia silikoni pembezoni, piga rangi. Kwa macho, kazi hizi mbili ni mapacha.

“Fundi, haitavuja?”

“Ondoa shaka, mama.”

Hiyo ni Julai. Oktoba ikifika fundi keshakula hela.

Plato, yule Mgiriki, alisimulia habari ya mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Swali likawa: asiyeonekana atatenda haki kwa sababu gani? Mie naona fundi hahitaji pete. Anayo taa.

Rafiki yangu anabisha. Mama mwenyewe kaikata bei nusu, alitegemea nini? Hoja ina uzito. Silikoni haitolewi bure, na fundi ana watoto. Lakini bei ndogo inampa fundi haki ya kufanya kazi ndogo, haimpi haki ya kuificha. Si amwambie tu: “Mama, kwa hela hii nimeziba paa na dirisha, taa sijagusa. Unga weka upande ule.” Hapo mama ataongeza hela au atahamisha gunia, shauri lake. Asipoambiwa, ameshaamuliwa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko hata unga kulowa: mtu mzima ananyang'anywa uamuzi wake, tena kwa tabasamu.

Rafiki yangu hajakubali. Ati nisubiri nipate mke na kodi ya chumba. Nimemwambia aje Novemba tukanywe uji kwa mama, tukalie benchi la upande wa taa.