Amana ya Muulizwa Njia

Mwanafunzi wa Kihispania hafiki mbali katika masomo yake kabla hajafundishwa kuuliza njia: mmoja hushika ramani ya mji wa kubuni na kuuliza, "¿Dónde está la catedral?", na mwenziwe, ambaye ramani iyo hiyo imo mkononi mwake, humjibu aende moja kwa moja hata njia panda, kisha apinde upande wa kuume, naye akafika pasi na wasiwasi. Zoezi hilo laulainisha ulimi, lakini lina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kuwa muulizwa daima ajua.

Nje ya darasa mambo si hayo. Wasafiri waliopita Mexico wamesimulia mara nyingi jinsi mwenyeji, kwa wingi wa murua na kuchelea kumvunja mgeni moyo, awezavyo kuinua mkono akamwelekeza mahali asipopajua yeye mwenyewe. Na hapo ndipo lizukapo suali: je, mtu huyo amesema uwongo? Mtakatifu Augustino, katika risala aliyoiandika juu ya uwongo, alimhesabu mwongo kuwa ni yule atamkaye kinyume cha yaliyomo moyoni mwake kwa kusudi la kuhadaa, wala si yule akosaye huku akiamini. Na kwa mizani hiyo mwenyeji wetu yu mahali pa shida, kwani kumpoteza mgeni hakutaka, ila alimficha ujinga wake. Kwa rai yangu, kuficha huko ndiko kosa, maana mgeni ameiweka miguu yake, na pengine salama yake, katika dhamana ya mtu asiyemjua. Methali isemayo kuuliza si ujinga imempa muulizaji haki yake, muulizwa haikumgusa.

Padri Elías Valiña wa O Cebreiro, huko Galicia, alipoanza mwaka 1984 kupaka mishale ya manjano katika njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, alikuwa amekwisha kuitungia njia hiyo tasnifu ya udaktari, na mishale yake yafuatwa hata leo na watu wasiopata kumwona. Asiye na ilimu namna hiyo hana ruhusa ya kuchora mshale, hata ule wa kidole.

Basi nawasihi walimu wa Kihispania: katika zoezi lenu, wapeni baadhi ya wanafunzi karatasi tupu badala ya ramani, ili wazoee kusema "No lo sé", yaani sijui, bila ya kuona haya.