Hodi Kabla ya Picha

Katika mila zetu, mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia. Mgeni husimama nje akabisha hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu, mwenye adabu hurudi zake. Je, desturi hii inahusu tu nyumba zilizojengwa kwa mikono ya watu, au inahusu pia mahali palipoumbwa na maji, upepo na jua? Yafaa tulitafakari swali hili, kwani siku hizi binadamu huzunguka dunia na kamera mkononi, na uzuri wa nchi za wenzake humwita kama mlango uliosahauliwa kufungwa.

Tuchukue mfano mmoja wa mbali. Katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, karibu na mji wa Page, liko korongo jembamba liitwalo Antelope Canyon. Liko jangwani, katika ardhi ya taifa la Wanavajo. Maji ya mvua yaliyobeba mchanga yamepita kwa kasi katika ufa wa mwamba, zama baada ya zama, yakausugua hata kuta zake zikawa na mikunjo kama ya kitambaa. Mahali pengine mtu akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili. Katika miezi ya joto, jua la adhuhuri likiwa utosini, miali hupenya kutoka juu ikasimama kama nguzo, na mawe hung'aa kwa rangi ya chungwa, nyekundu na zambarau. Wageni kutoka pande zote za dunia huja kupiga picha.

Leo mgeni haruhusiwi kuingia humo peke yake. Sharti aongozwe na mwongozaji aliyeidhinishwa na Wanavajo, naye hulipa ada. Wako wanaonung'unika wakisema: mwamba huu hakuuchonga mtu, uzuri wake ni wa wanadamu wote, kwa nini basi kundi moja lisimame mlangoni?

Hoja hii si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba hakuna aliyelichonga korongo lile. Lakini kutokuumba kitu si sawa na kutokuwa na dhamana juu yake. Wanavajo walihamishwa kwa nguvu kutoka katika nchi yao mwaka 1864, wakatembezwa mamia ya maili, wakarejea kwa mkataba wa mwaka 1868. Watu waliowahi kunyang'anywa hata njia ya kurudi kwao wana haki ya kuulizwa kabla ya mtu kupita mlangoni mwao.

Tena, mwenyeji huwa na elimu ambayo macho ya mgeni hayana. Sehemu ya juu ya korongo huitwa na Wanavajo Tsé bighánílíní, yaani mahali maji yapitapo katika mwamba. Mgeni huona nuru. Jina humwambia habari za maji. Tarehe 12 Agosti 1997 mvua kubwa ilinyesha mbali na korongo, na maji yakateremka ghafla katika sehemu ya chini. Wageni 11 walifariki dunia. Ngazi za mbao zilizokuwamo zilichukuliwa na maji. Baadaye zikawekwa ngazi za chuma zilizofungwa mwambani. Yaliyochonga uzuri ule ndiyo yaliyoua. Picha haikuwa na uwezo wa kuonyesha hayo, lakini jina la kale lilikuwa limekwisha kuyasema.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya kutazama na kuona. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba picha moja ya korongo hilo, iliyopigwa na Peter Lik, ikionyesha vumbi ndani ya nuru lenye umbo kama la mtu, imeuzwa kwa dola milioni 6.5. Ni haki msanii alipwe kwa kazi yake. Lakini tukumbuke kwamba hata bei kubwa hainunui maarifa ya mahali. Picha huchukua sura. Habari za sura hiyo hubaki kwa wenyewe.

Wala wajibu si wa mgeni peke yake. Baadhi ya waongozaji wamezoea kurusha konzi ya mchanga hewani ili miali ionekane vizuri katika kamera. Jambo hili si dhambi kubwa, ila lina fundisho: mwenyeji anayejali tu kumpendeza mgeni huweza polepole kuigeuza nchi yake kuwa jukwaa. Mwitikio wa hodi ni karibu, wala si kujiuza.

Nasi tunao wageni wenye kamera, katika hifadhi zetu, katika miji ya kale ya pwani, na katika maboma ya Wamaasai. Nao vijana wetu watakuwa wageni katika nchi za watu. Basi waalimu na wawafundishe kwamba hodi si neno la mlangoni tu. Ni kukiri kwamba mahali popote pazuri pana watu wanaopajua, wanaopaogopa na waliozika jamaa zao karibu napo. Mgeni na aulize kwanza jina la mahali na maana yake. Akisha kusikia jibu, ndipo anyanyue kamera yake.